Kivuli cha Risasi Chini ya Uso

Picha ya sura, yaani mchoro unaokusudiwa kumwonyesha mtu mmoja mwenye jina na cheo chake, humjia mtazamaji kama kitu kilichokamilika siku mchoraji alipoweka brashi chini. Kumbe picha za rangi ya mafuta zilizochorwa Ulaya kati ya karne ya 15 na ya 19 zimejengwa kwa matabaka, na kila tabaka lina umri wake, mkono wake na, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, sababu yake ya kufunikwa. Chini kabisa upo ubao, ambao kaskazini mwa Ulaya kwa kawaida ulikuwa wa mwaloni, au kitambaa cha kitani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Juu yake hupakwa matayarisho ya chaki au jasi iliyokorogwa kwa gundi ya ngozi ili kuziba vinyweleo na kusawazisha uso. Juu ya matayarisho huja michoro ya makaa au ya wino, kisha rangi za kwanza za kugawa mwanga na kivuli, kisha rangi zenyewe za ngozi, nguo na vito, na mwisho vanishi ya utomvu inayozing'arisha zote. Ukiacha ubao, vyote hivyo kwa pamoja mara nyingi havifiki unene wa milimita moja, na ndani ya wembamba huo watu wawili wasiojuana wameweza kulala, mmoja juu ya mwingine, kwa miaka mia tatu.

Eksirei, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu zaidi kwa picha ya kifua inayopigwa kutafuta kifua kikuu, iligunduliwa na mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895. Mionzi hiyo hupenya vitu vinavyozuia mwanga wa kawaida, lakini haivipenyi vyote sawasawa: kadiri atomi za kitu zilivyo nzito na kadiri kitu chenyewe kilivyo kinene, ndivyo mionzi inavyozuiwa, na filamu iliyowekwa upande wa pili hubaki nyeupe mahali ilipozuiwa na huwa nyeusi mahali ilipopita. Ndiyo sababu mfupa, wenye kalsiamu, huonekana mweupe katikati ya nyama. Katika picha ya kuchorwa hakuna mfupa, lakini kuna kitu kinachozuia mionzi kuliko mfupa, nacho ni risasi, metali laini ya kijivu ambayo katika Kiswahili imezipa jina hata zile za bunduki.

Kwa karne nyingi nyeupe ya risasi ndiyo rangi nyeupe iliyofaa kuliko zote kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, na namna ilivyotengenezwa inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayoamua nini kitaonekana kwenye filamu na nini hakitaonekana. Uholanzi, ambako utaratibu huo ulishika mizizi katika karne ya 17, mabamba membamba ya risasi yaliviringishwa na kutiwa katika vyungu vya udongo vyenye siki kidogo chini, kwa namna ambayo risasi haikuigusa siki yenyewe. Vyungu vikapangwa safu juu ya safu, vikafukiwa kwa samadi ya farasi, na banda likafungwa kwa miezi miwili mitatu. Samadi ilipochacha ilitoa joto lililopandisha mvuke wa siki, mvuke ukaila risasi, na hewa ya ukaa iliyotoka katika samadi hiyohiyo ikaigeuza metali kuwa maganda meupe yanayomeguka, ambayo yalikwanguliwa, yakasagwa, yakaoshwa na kukaushwa kuwa unga. Waliokwangua na kusaga waliugua msokoto wa tumbo na kupooza viganja, na mabibi wa kitajiri waliojipaka unga huohuo usoni hawakusalimika. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi yake katika upakaji rangi wa majengo mwaka 1921, wakati ambapo nyeupe ya titani ndiyo kwanza ilikuwa inaingia sokoni. Titani ni nyepesi kuliko risasi na eksirei huipita kwa wepesi zaidi, kwa hiyo limetokea jambo la ajabu kidogo, kwamba picha ya mwaka 1630 huweka siri zake wazi mbele ya mionzi kuliko nyingi za mwaka 1960.

Ngozi ya uso ilichorwa kwa nyeupe ya risasi iliyotiwa zinjifuri, yaani rangi nyekundu ya zebaki, ambayo nayo ni nzito. Kola ya kitani, lulu, mng'ao wa kwenye jicho na ncha ya pua, vyote vilihitaji nyeupe. Joho jeusi, kinyume chake, lilipakwa kwa mkaa au mifupa iliyochomwa, na vitu hivyo, kwa wembamba wa tabaka la rangi, eksirei karibu haivioni. Vivyo hivyo udongo mwepesi wa kahawia, na buluu ghali iliyosagwa kutokana na jiwe lililochimbwa Afghanistan. Matokeo yake ni kwamba tajiri wa Amsterdam aliyevaa mahameri meusi hubaki kwenye filamu kichwa na viganja viwili vinavyoelea gizani, kana kwamba joho lake lote, alilolilipia fedha nyingi na kutaka lionekane, halikuwahi kuwapo. Kwa kusema kweli, anachokipata mtaalamu ni ramani ya mahali risasi ilipo, wala si picha ya kilichokuwa kikionekana zamani, na makosa mengi katika fani hii yametokana na kusahau tofauti hiyo.

Ugumu wa pili ni kwamba mionzi haina adabu ya kupokea matabaka kwa zamu. Hupita yote mara moja na kuyarundika kwenye filamu moja, ya juu na ya chini, ya mbele na ya nyuma, ya mchoraji na ya fundi aliyekuja kurekebisha baada ya miaka mia mbili. Mtu anayeitazama filamu kwenye meza ya mwanga huona kwanza mistari ya ubao, kisha vichwa vya misumari vilivyo vyeupe kama nyota, kisha kimiani cha mbao ambacho mafundi wa zamani walikigundisha nyuma ya ubao ili usijikunje, kisha madoa makali meupe mahali shimo lilipozibwa kwa rojo la risasi. Na katikati ya fujo hiyo yote, jicho la tatu likiwa shavuni mwa mwenye picha. Kama picha ni ya kitambaa, matayarisho yenye risasi yameingia kati ya nyuzi na kuacha alama ya kila uzi, kiasi kwamba nyuzi zinaweza kuhesabiwa kwa kila sentimita na vitambaa viwili kutambuliwa kuwa vilikatwa kwenye gora moja. Kando ya kitambaa, pale kilipovutwa na misumari kilipowambwa mara ya kwanza, nyuzi hujipinda kama mawimbi, na upande usio na mawimbi huashiria kwamba mtu fulani aliikata picha baadaye. Habari za namna hii haziandikwi magazetini, ingawa kwa mwanahistoria zina thamani kuliko vichwa vilivyofichwa.

Wazo la kupiga picha za kuchorwa kwa eksirei halikuchelewa. Mwaka 1896, kabla hata madaktari wengi hawajapata mtambo, mwanafizikia Walter König wa Frankfurt alikuwa amekwisha kuijaribu mionzi hiyo kwa mchoro wa rangi ya mafuta. Daktari Alexander Faber wa Weimar aliichukua kazi hiyo kwa uzito zaidi na mwaka 1914 akapata hataza yake Ujerumani, jambo linaloonyesha kwamba machoni pake hiyo ilikuwa mali yenye soko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kazi ikahamia kwenye majumba ya makumbusho: kuanzia mwaka 1925 Alan Burroughs wa jumba la Fogg katika Chuo Kikuu cha Harvard alizunguka Marekani na Ulaya akikusanya maelfu ya filamu, ambazo mwenyewe aliziita vivuli, na katika miaka ya 1930 Louvre mjini Paris na National Gallery mjini London zikawa na maabara zao. Kabla ya hapo, kuamua kama picha ni ya Rembrandt au ya mwanafunzi wake kulitegemea jicho la bingwa mmoja na sauti yake. Tangu hapo palikuwa na ushahidi mezani ambao hata asiye bingwa angeweza kuuonyesha kwa kidole.

Ushahidi uliotafutwa kwanza ulikuwa wa kile ambacho Waitaliano hukiita pentimento, neno lenye maana ya kujuta, ambalo wataalamu hulitumia kwa badiliko alilolifanya mchoraji mwenyewe kazi ikiendelea. Majuto haya hayafanani na yale ya methali, ambayo ni mjukuu na huja mambo yakiwa yameharibika. Haya huja rangi ikiwa bado mbichi, kola ikateremshwa, kidole kikasogezwa, kofia ikapanuliwa. Anayenakili kazi ya mwingine hajuti, kwa sababu tangu mwanzo anajua kila kitu kinakaa wapi, na kwa hiyo filamu iliyojaa kusitasita huwa hoja nzuri, ingawa haitoshi peke yake, kwamba kazi ni ya aliyeibuni. Katika Galleria Borghese mjini Roma, msichana wa Raphael aliyempakata mnyama wa hadithi mwenye pembe moja alionekana, eksirei ilipopigwa mwaka 1959, kuwa hapo awali alipakata mbwa mdogo, alama ya uaminifu katika ndoa.

Palipokosekana majuto pengine palikuwa na umaskini, au tuseme uangalifu wa fedha. Rembrandt alipokuwa kijana mjini Leiden, mnamo 1630 au 1631, alichora kwenye ubao mzee aliyevaa kijeshi, mwenye kofia ya unyoya na bamba la chuma shingoni, picha iliyopo sasa katika J. Paul Getty Museum huko Los Angeles. Eksirei ya mwaka 1968 ilionyesha uso mwingine chini yake, wa kijana, ukiwa kichwa chini miguu juu. Rembrandt alikuwa ameupindua ubao aliokwisha kuutumia ili sura ya zamani isimsumbue macho alipokuwa akiianza mpya. Sababu ya kumwacha kijana huyo haijulikani kutokana na risasi, na haina haja ya kubuniwa. Mbao zilikuwa na bei, na mchoraji wa miaka ishirini na mitano hatupi ubao.

Bei ya ubao ndiyo pia maelezo yanayofaa kwa jambo lililochekesha wengi mjini London mwaka 2013, wakati National Portrait Gallery ilipoonyesha matokeo ya uchunguzi wake wa picha za enzi ya Tudor. Chini ya sura ya Sir Francis Walsingham, waziri wa Malkia Elizabeth I aliyeongoza wapelelezi na kuifichua njama ya Babington ya mwaka 1586, njama iliyompeleka Mary wa Scotland kwenye shoka, eksirei na mionzi ya infraredi zilionyesha Bikira Maria na Mtoto. Chini ya sura ya Thomas Sackville, mweka hazina wa malkia huyohuyo, alionekana Kristo akipigwa mijeledi. Watu wawili wa serikali iliyowawinda mapadri wa Kikatoliki walikuwa wamekalia sanamu za ibada ya Kikatoliki bila, kwa kadiri inavyoonekana, kuwa na habari. Ni rahisi kuona hapo kejeli ya mchoraji, na wapo waliodokeza hivyo, lakini historia ya Uingereza ya karne ya 16 inatoa maelezo yasiyo na madoido: baada ya kanisa la nchi hiyo kujitenga na Roma, na hasa chini ya Edward VI, picha takatifu ziliondolewa makanisani, na zile ambazo hazikuchomwa zilibaki kuwa mbao za mwaloni zilizokauka vizuri, zisizopinda tena, ambazo karakana yoyote ingefurahi kuzipata kwa bei nafuu. Kilichobadilika haraka ni imani. Mbao zenyewe ziliendelea na kazi yao.

Kuna hata hivyo picha ambazo ndani yake hofu haina budi kutajwa. Mwaka 1823 Francisco Goya alichora sura ya hakimu Ramón Satué, mtu wa makamo aliyesimama mikono mifukoni, koti jeusi, shati lililoachwa wazi shingoni, picha iliyopo Rijksmuseum mjini Amsterdam. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba chini yake yupo mtu mwingine, mwenye sare ya kijeshi ya fahari na nishani. Njia iliyotumika ni tawi jipya la eksirei linaloitwa fluoresensi: badala ya kuipitisha mionzi kwenye picha nzima na kupokea kivuli, skana hulenga nukta moja ndogo, mionzi hung'oa elektroni kutoka ndani ya atomi za nukta hiyo, na atomi, zikijiweka sawa, hurudisha eksirei yake yenyewe yenye nguvu inayotofautiana kwa kila elementi. Risasi hujibu kwa sauti yake, zebaki kwa yake, antimoni kwa yake. Skana ikiisha kutembea nukta kwa nukta juu ya picha yote, hupatikana ramani ya kila elementi peke yake, na yale matabaka yaliyokuwa yamerundikana kwenye filamu moja huanza kutengana. Njia hiyo ilianza kusikika mwaka 2008, wakati kundi la Joris Dik wa Delft na Koen Janssens wa Antwerp lilipotumia mtambo mkubwa wa Hamburg kutafuta, chini ya kipande cha majani cha Van Gogh, kichwa cha mwanamke mkulima. Siku mbili zilihitajika kwa mraba wa sentimita 17.5 kila upande. Miaka mitatu baadaye skana ilikuwa imekuwa ndogo kiasi cha kupelekwa ilipo picha ya Goya badala ya picha kupelekwa kwenye mtambo.

Nishani iliyoonekana chini ya koti la hakimu ni ya ngazi ya juu ya daraja lililoanzishwa na Joseph Bonaparte, kaka wa Napoleon, aliyewekwa kuwa mfalme wa Hispania mwaka 1808 na kufukuzwa mwaka 1813. Waliovaa ngazi hiyo ya juu walikuwa majenerali wachache, na Joseph mwenyewe. Kwa hiyo aliyefichwa ama ni mmoja wa majenerali hao ama ni mfalme, na watafiti hawakwenda mbali zaidi ya hapo. Goya aliutumikia utawala huo na alipewa nishani yake. Ferdinand VII aliporudi mwaka 1814 kibao kiligeuka, waliowatumikia Wafaransa wakahojiwa, wakafungwa au wakakimbia, na picha kubwa ya mtu mwenye nishani ya Bonaparte haikuwa tena kitu cha kukutwa nacho ukutani. Funika kombe mwanaharamu apite, husema Waswahili, na Goya alifanya hivyo kwa brashi. Yaweza pia kuwa, lazima ikubalike, kwamba alihitaji kitambaa tu. Lakini mchoraji huyo alihamia Bordeaux mwaka uliofuata na kufia huko mwaka 1828, na hofu haikuwa ngeni kwake.

Hakuna picha iliyobadilishwa maana yake na uchunguzi huu kuliko ile ya Antoine-Laurent Lavoisier na mkewe Marie-Anne, iliyochorwa na Jacques-Louis David mwaka 1788 kwa malipo ya livre 7,000 na kuhifadhiwa sasa katika Metropolitan Museum of Art mjini New York. Kwa vizazi viwili hivi imekuwa ikitumika katika vitabu kama mfano wa ndoa ya kisasa na ya kisayansi: mwanakemia ameketi mezani, kalamu mkononi, akimwinulia macho mkewe aliyemwegemea begani, meza imefunikwa kwa mahameri mekundu, juu yake vimepangwa vyombo vya kioo vya kupimia gesi, na chupa kubwa ya duara iko sakafuni karibu na mguu wa Lavoisier, ikirudisha mwanga wa dirisha. Mkewe, aliyefundishwa kuchora na David mwenyewe, ndiye aliyechora vielelezo vya kitabu cha kemia alichokitoa mumewe mwaka 1789.

Kazi ya kuisafisha picha hiyo ilipoanza mwaka 2019 na vanishi ya zamani kuondolewa, mhifadhi wa jumba hilo aliona vinukta vyekundu vikichungulia chini ya rangi ya ukuta, juu ya kichwa cha bibi huyo, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuwapo wekundu. Ramani za elementi, zilizochapishwa mwaka 2021, zilionyesha kofia: pana, yenye utepe na maua ya bandia, ya mtindo ulioitwa wa Tarare kutokana na opera ya Salieri iliyofunguliwa Paris mwaka 1787. Jina hilo la kofia ni msaada mkubwa, kwa sababu mitindo ya mabibi wa Paris ilibadilika kwa miezi. Chini ya mahameri mekundu ilionekana meza ya fahari yenye mapambo, isiyo na kitambaa, na juu yake vyombo vya sayansi havikuwapo. Picha ya kwanza, kwa maneno mengine, haikuwa ya wanasayansi. Ilikuwa ya matajiri.

Utajiri wenyewe ulikuwa na chanzo ambacho kila Mfaransa alikijua. Lavoisier alikuwa mmoja wa wanahisa wa kampuni ya watu binafsi iliyoilipa serikali kiasi kilichokubaliwa, kisha ikakusanya ushuru wa chumvi, tumbaku na bidhaa nyingine na kubaki na ziada. Wasomaji wa historia ya Zanzibar wanaufahamu utaratibu wa aina hiyo, kwa kuwa Seyyid Said naye alikodisha forodha yake kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Huko Ufaransa wenye kampuni hiyo walichukiwa kiasi kwamba tarehe 8 Mei 1794 ishirini na wanane kati yao walikatwa vichwa kwa siku moja, Lavoisier na baba mkwe wake wakiwamo, wakati David, mchoraji wao, alikuwa mjumbe katika serikali hiyohiyo ya mapinduzi. Kwa anayejua mwisho huo ni vigumu kuitazama kofia iliyofutwa bila kuiona kama bashiri. Lakini picha ilikamilika mwaka 1788, gereza la Bastille lilivunjwa Julai 1789, na hakuna aliyekaa chumbani mwa David aliyekuwa na habari ya mashine ya kukata vichwa. La busara zaidi ni kudhani kwamba wawili hao walikuwa na sura mbili za kujionyesha, zote za kweli, na kwamba mahali fulani katikati ya kazi, kwa mazungumzo ambayo hayakuandikwa, mmoja kati ya watu watatu alisema kofia itoke na vioo viingie.

Mabadiliko yaliyosimuliwa hadi hapa yalifanywa na wachoraji katika karakana zao au na karakana zilizonunua mbao kuukuu. Yapo mengine yaliyofanywa na wafanyabiashara wa sanaa, hasa katika karne ya 19, nayo hayastahili heshima hiyo. Katika jumba la Carnegie mjini Pittsburgh, sura ya mwanamke wa ukoo wa Medici iliyokuwa imeshukiwa kuwa ya kughushi, kwa jinsi uso ulivyokuwa laini mno kwa karne ya 16, ilipigwa eksirei na kuonekana ina mwanamke mwingine chini, mwenye uso mzito zaidi na mikono mikubwa. Rangi ya juu ilipoondolewa, mwaka 2014, alijitokeza Isabella de' Medici mwenyewe, ambaye wauzaji walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka ili awapendeze wanunuzi wa enzi ya Malkia Victoria. Huko Baltimore, katika Walters Art Museum, jambo lilikuwa zito kuliko hilo. Picha ya Maria Salviati iliyochorwa na Pontormo katika miaka ya 1530 ilionyesha mjane aliye peke yake, mpaka iliposafishwa mwaka 1937 na kuonekana kwamba ameushika mkono wa mtoto wa kike aliyekuwa amefutwa kwa rangi. Wataalamu wengi wanamtambua mtoto huyo kuwa Giulia, binti wa Alessandro de' Medici, mtawala wa Florence aliyeuawa mwaka 1537 na ambaye inaelezwa kwamba mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika. Kama utambuzi huo ni sahihi, hii ni miongoni mwa picha za kwanza za sura katika Ulaya kumwonyesha msichana mwenye damu ya Afrika akiwa na jina na ukoo, na kwa miaka mingi ilizunguka sokoni bila yeye.

Ni nani aliyefunika, na lini, ndilo swali ambalo eksirei peke yake hailijibu, na mfano unaolithibitisha hili vizuri si picha ya sura, bali ni msichana wa Vermeer anayesoma barua dirishani, aliyeko Dresden. Eksirei ya mwaka 1979 ilionyesha kwamba ukuta mtupu nyuma yake una picha kubwa ya Kupido, mungu wa mapenzi, na kwa karibu miaka 40 wasomi waliandika kwa ufasaha kuhusu uamuzi wa Vermeer kuuacha ukuta uwe kimya. Baadaye vipande vidogo vya rangi vilipochunguzwa kwa hadubini, kati ya Kupido na ukuta ilionekana vanishi iliyozeeka na uchafu uliokusanyika kwa miongo, maana yake Vermeer, aliyefariki mwaka 1675, alikuwa kaburini siku ukuta ulipopakwa. Kupido alifunuliwa na kuonyeshwa kwa umma mwaka 2021. Kurasa nyingi nzuri kuhusu ukimya wa ukuta ule zilibaki bila ukuta.

Kufunua, hata hivyo, huwezekana tu pale kinachoondolewa ni cha mkono mwingine. Ukuta wa Dresden na uso laini wa Pittsburgh viliweza kukwanguliwa kwa sababu havikuwa vya Vermeer wala vya karne ya 16. Jenerali wa Goya hawezi kutolewa bila kumuua hakimu wa Goya, na kofia ya Tarare itabaki chini ya ukuta wa David. Kati ya hali hizo mbili ipo ya Edinburgh. Mwaka 2022 wahifadhi wa majumba ya sanaa ya taifa ya Scotland waliipiga eksirei picha ya Van Gogh ya mwaka 1885, kichwa cha mwanamke mkulima wa Nuenen mwenye kofia nyeupe, na kwenye filamu akatokea mtu wa pili, mwenye ndevu, kofia ya ukingo mpana na skafu shingoni. Hakuwa chini ya mwanamke, alikuwa mgongoni mwake: Van Gogh, kwa kubana matumizi, aliugeuza upande wa nyuma wa kitambaa na kujichora mwenyewe, na baadaye mtu, inadhaniwa mwanzoni mwa karne ya 20, akaubandika upande huo kwenye kadibodi ili picha ya mbele iwe imara katika maonyesho. Kati ya mchoraji na mwanga pana gundi na kadibodi, na gundi hiyo inaweza kuondolewa au kuondoka na rangi. Wageni wa maonyesho ya mwaka huo walimwona kwenye filamu iliyowekwa katika sanduku la mwanga, sikio lake la kushoto likiwa dhahiri.